Kutazama, Kurudia au Kujaribu: Njia Tatu za Kukua kwa Mpigapicha wa Nairobi

Mpigapicha aliyekwisha kuizoea kamera yake hufika mahali ambapo picha za mwezi huu zinafanana na za mwezi uliopita. Anajua kurekebisha mwangaza, anajua kulenga jicho la mtu badala ya pua, na wateja wa harusi wanamlipa bila malalamiko makubwa. Lakini akiketi usiku kuyapitia majalada ya miezi sita, anakuta jumba la mikutano la KICC limepigwa kutoka kona ile ile ya barabara, na maharusi sita tofauti wameegemea mti mmoja wa bustani ya Arboretum kana kwamba mti huo ndio uliowaoza.

Hapo ndipo anapoanza kuulizauliza: ajifungie ndani na kazi za waliotangulia, atoke kupiga kila siku hadi mkono uwe mwepesi, au ajitwike jaribio fulani litakalomlazimisha kuona upya? Nimezipita njia zote tatu, nyingine kwa hiari na nyingine kwa sababu mfuko ulikuwa mtupu, na nimewaona wenzangu wakifaulu kwa njia ambayo mimi ilinishinda. Maoni yangu ni kwamba kila njia inatibu ugonjwa wake, na anayechagua kabla ya kujua picha zake zinaumwa nini hupoteza miezi mingi.

Njia zenyewe na vigezo

Kwa urahisi wa kurejelea nitaziita Kutazama, Kurudia na Kujaribu. Kutazama ni kuchagua wapigapicha wachache na kuzisoma kazi zao polepole, picha moja baada ya nyingine, hadi ujue nuru ilitoka wapi na mpigapicha alisimama wapi. Kurudia ni kupiga picha za jambo moja, mahali pamoja, kila siku au kila siku uliyojipangia, kwa kipindi kirefu. Kujaribu ni kujiwekea sharti linalokunyima kitu ulichozoea, kwa mfano kubaki na lenzi moja, kujihesabia fremu 36 tu, yaani picha 36, kwa juma zima, au kutumia kasi ya shata, kile kifuniko kinachofunguka na kufungwa ndani ya kamera ili kuingiza nuru, ambayo kwa kawaida ungeikimbia.

Nitazipima kwa mambo matano: gharama, muda, kile kinachojengeka ndani ya mpigapicha, mahali na ruhusa, na namna ya kujua kama unasonga mbele au unazunguka. Aina ya kamera sikuiweka miongoni mwa vigezo kwa sababu njia zote tatu zinakubali simu, ila kwa majaribio machache yanayohitaji kuidhibiti shata kwa mkono.

Gharama

Kutazama ndiyo njia nafuu zaidi, mradi uridhike na kilichopo. Makavazi ya Taifa, pale Moi Avenue, yana mkusanyo wa Joseph Murumbi, aliyewahi kuwa makamu wa rais, na ingawa sehemu yake kubwa ni sanaa na vifaa vya jadi badala ya picha za kamera, saa moja mbele ya vinyago na vitambaa hufundisha umbo na ruwaza kuliko saa tatu za kupekua simu. Vitabu vya picha ni jambo jingine, kwani vingi huagizwa kutoka nje na ni ghali, kwa hiyo ni heri kuviazima.

Gharama ya Kurudia imejificha kwenye nauli. Anayeishi Rongai na kujipangia mradi wa soko la Gikomba atalipa kwenda na kurudi kila siku, na siku ya mvua makanga watampandishia. Ndiyo sababu huwashauri watu wachague mahali ambapo tayari wanapita, kama kituo chao cha matatu, kibanda cha mama mboga au ngazi za ploti wanayoishi.

Kujaribu huanzia sufuri na kufika popote unapotaka. Leso moja ya Biashara Street ikitundikwa kwenye kamba inakupa mandhari ya studio, na gunia jeupe la sukari likipasuliwa na kukunjuliwa linarudisha nuru usoni karibu sawa na kifaa cha dukani. Filamu ya milimita 35, kwa upande mwingine, haipatikani katika kila duka, na kuisafisha ni gharama inayokurudia kila baada ya fremu 36.

Muda, na jua la Nairobi

Nairobi iko zaidi kidogo ya digrii 1 kusini mwa ikweta, na jambo hilo linaingia moja kwa moja katika ratiba ya mpigapicha. Jua huchomoza takriban kati ya saa 12:10 na 12:45 asubuhi mwaka mzima na kutua takriban kati ya saa 12:15 na 12:55 jioni, nalo hupanda na kushuka karibu wima, kwa hiyo ile nuru ya dhahabu ambayo wapigapicha wa Ulaya huifaidi kwa muda mrefu katika jioni za kiangazi, kwetu hupita haraka. Mwezi wa Machi na wa Septemba jua la mchana hukaribia kabisa utosi na kuchimba mashimo meusi machoni mwa watu, ilhali Julai mawingu hutanda siku nyingi na kutoa nuru laini ambayo haina haraka.

Mwajiriwa anayetoka kazini saa 11 jioni na kukwama kwenye msongamano wa Mombasa Road atafika nyumbani gizani, na kwake Kurudia kunawezekana tu kabla ya kazi au wakati wa chakula cha mchana, chini ya jua kali. Kutazama hakumdai nuru yoyote, na nusu saa kila usiku inatosha. Kujaribu hupenda kipande kizima cha muda, kama asubuhi yote ya Jumapili, kwa sababu majaribio mengi hayaanzi kufanya kazi hadi umeshindwa mara 50 za kwanza.

Kinachojengeka

Hapa ndipo njia hizi zinapoachana kwelikweli.

Kutazama hujenga jicho. Chukua picha za Seydou Keïta, aliyekuwa na studio mjini Bamako, Mali. Mtu anayezipitia juujuu anaona watu waliovaa vizuri mbele ya kitambaa chenye maua. Ukikaa nazo, unaona kwamba kivuli cha pua ni hafifu na kimeelekea upande mmoja, kwa sababu nuru ni ya mchana na imelainika. Unaona kwamba ruwaza za kitambaa na za nguo ya mteja zinakaribia kuchanganyikana, na bado uso haupotei, kwa kuwa ndio sehemu pekee isiyo na maua. Aghalabu alipiga picha moja tu kwa kila mteja, kwa ajili ya gharama, jambo linaloeleza kwa nini kila kidole kimewekwa mahali pake. Zoezi ninalolipenda ni kuichora picha kwa penseli kama mraba wenye mabaka ya giza na nuru, kisha kuandika jua au taa ilikuwa wapi. Nukta nyeupe kwenye mboni ya jicho hukuambia mengi: ikiwa na umbo la mraba, pengine ilikuwa dirisha, ikiwa ndogo na kali, huenda ilikuwa flashi.

Kwa Mkenya, Kutazama kuna faida nyingine ya kujua kwamba kazi hii ina wenyewe hapa nyumbani. Priya Ramrakha, aliyezaliwa Nairobi mwaka 1935 na kuuawa mwaka 1968 akiripoti vita vya Biafra nchini Nigeria, na Mohamed Amin, aliyezaliwa Nairobi mwaka 1943, ambaye picha zake za njaa ya Ethiopia mwaka 1984 ziliuamsha ulimwengu, wote walifanya kazi katika mitaa hii tunayoilalamikia kwamba haina kitu cha kupiga. Wakati mwingine picha moja tu yatosha kubadili mwelekeo wa mtu: Henri Cartier-Bresson, Mfaransa, alisukumwa kuichukua kamera kwa dhati baada ya kuona picha ya Martin Munkácsi ya vijana watatu wa Kiafrika wakikimbilia mawimbi.

Kurudia hujenga mkono na subira, na pia hujenga uhusiano ambao Kutazama hakuwezi kuuleta. Kwa siku 40 nilimpiga picha fundi viatu mmoja karibu na Ngara, kila mchana, kwa kuwa nilikuwa na saa moja ya mapumziko na yeye hakuwa na pa kwenda. Siku kumi za kwanza ni aibu tupu: kofia yake ilitupa kivuli hadi kidevuni, na nilipoongeza mwangaza ili macho yaonekane, barabara yote iligeuka karatasi nyeupe. Siku ya 11 au ya 12 gari la mkate, jeupe pande zote, lilisimama mbele ya kibanda kushusha kreti, na ghafla uso wa mzee ukawaka kutoka chini, makunyanzi yote yakaonekana, hata uzi wa nta aliokuwa ameuuma kwa meno. Sikuwa nimesoma popote kwamba ubavu wa gari unaweza kuwa taa. Kuanzia hapo nilikuwa nikilisubiri gari lile, na baada ya juma moja nilipofika nikihema aliniambia bila kuinua macho, "Kijana, leo gari la mkate limechelewa." Alikuwa ameelewa ninachokitafuta, na alianza mwenyewe kukigeuza kigoda chake kuelekea barabarani.

Somo hilo limenisaidia katika harusi nyingi za saa saba mchana, ambapo sasa hutafuta ukuta mweupe kabla ya kutafuta maua. Hata hivyo nakiri kwamba, kati ya siku 40, zisizopungua 25 zilitoa picha ambazo sitamwonyesha mtu.

Kujaribu hujenga ujasiri, na mara nyingine hutoa ufundi mahususi ambao hukuutafuta. Nilijiwekea sharti la kupiga matatu zikiwa mwendoni kwa kasi ya shata ya sehemu 1 ya 30 ya sekunde, ili gari litulie na mandhari yavutike kama mistari. Kosa langu la kwanza lilikuwa kwenda mjini jioni, wakati ambapo matatu haiendi popote. Nilihamia kando ya Ngong Road Jumapili asubuhi, nikajifunza kwamba kiwiliwili ndicho kinachozunguka, kutoka kiunoni, huku miguu imetulia, na kwamba unaanza kulifuata gari kabla ya kubonyeza na kuendelea kulifuata baada ya kubonyeza, kama anayempungia mtu mkono hadi apotee. Katika fremu zipatazo 200 nilibaki na tatu. Hizo tatu, lakini, zina michoro ya matatu iliyotulia kabisa huku mji mzima ukikimbia nyuma yake.

Pwani yetu ina mfano mzuri wa roho hii. Omar Said Bakor, aliyekuwa na studio Lamu, alikuwa akikata na kuunganisha picha na kuzitia nyuso za wateja wake katika maumbo ambayo kamera peke yake isingeweza kuyatoa, muda mrefu kabla ya programu za kompyuta. Anayedhani majaribio ni mambo ya vijana wenye kompyuta mpya na azitafute kazi zake.

Mahali na ruhusa

Kutazama hakumkasirishi mtu. Njia nyingine mbili zinakutoa nje, na nje kuna walinzi, kanjo (askari wa jiji), na wananchi wenye haki ya kukataa.

Ikulu, kambi za jeshi na viwanja vya ndege usivielekezee kamera. Majengo ya kibinafsi, hasa maduka makubwa, walinzi wake wamekuwa wakali zaidi tangu shambulio la Westgate mwaka 2013, na kubishana nao hakujawahi kumletea mtu picha nzuri. Kuhusu watu, Sheria ya Ulinzi wa Data ya mwaka 2019 inaihesabu picha inayomtambulisha mtu kuwa data yake, na Ofisi ya Kamishna wa Ulinzi wa Data imekwisha kuwatoza faini waliochapisha picha za watu kibiashara bila ridhaa yao. Anayefuata njia ya Kurudia ana nafuu hapa: akifika mara ya tatu anajulikana, akifika mara ya kumi anaitwa kwa jina, na ridhaa inakuwa mazungumzo ya kawaida. Anayejaribu hana nafuu hiyo, kwa kuwa mtu mwenye kamera juu ya stendi ya miguu mitatu, usiku, kando ya barabara, huonekana kama ana jambo. Mimi niliwahi kuondolewa na mlinzi kwenye ngazi za jengo fulani mjini nikiwa katikati ya picha ya sekunde 20. Picha ilitoka na kiatu chake kikubwa, na ndiyo pekee niliyoihifadhi usiku ule.

Kujipima, na pale ambapo kila njia hupotosha

Maendeleo ya Kutazama hupimwa kwa maneno. Ukipewa picha usiyoijua na ukaweza kueleza nuru, umbali na sababu ya pembe iliyochaguliwa, umesonga. Hatari yake ni kwamba mtu anaweza kutazama mwaka mzima na kuwa mhakiki hodari asiyepiga chochote, au akaachia simu imchagulie cha kutazama na kujikuta anaiga anga la rangi ya chungwa na vivuli vya samawati kama kila mtu mwingine.

Kurudia hupimwa mezani. Chapisha picha 12 ndogo katika studio ya mtaani, sita za mwanzo na sita za mwisho, uzichanganye, kisha umwombe jirani asiyejua kamera atenge zilizo bora. Akichagua nyingi za mwanzo, kuna kitu umekizoea hadi hukioni tena. Hatari ya njia hii ni hiyo hiyo ya mazoea, maana mtu anaweza kulirudia kosa moja kwa siku 100 na kulifanya liwe mtindo wake.

Kwa Kujaribu, usizihesabu picha nzuri za jaribio lenyewe, kwa sababu zitakuwa chache. Angalia kama kuna lililohamia katika kazi yako ya kawaida baada ya mwezi. Mimi zile matatu za Ngong Road zilinifundisha kuwafuata maharusi wanapoingia ukumbini wakicheza, na hilo wateja hulilipia. Majaribio mengine, kama juma nililopiga kila kitu kupitia chupa ya soda, hayakuhamia popote, na sijutii sana. Hatari ni kurukaruka kutoka jaribio hadi jaribio na kuwa na mambo mengi ya ajabu yasiyo na kazi yoyote iliyokamilika.

Kuchagua kwa hali yako

Kabla ya kuchagua, toa picha zako 100 za mwisho na uzitazame zote kwa pamoja, zikiwa ndogo. Ukiona kwamba ni kali, zina mwangaza sahihi, lakini hujui kwa nini ulizipiga, anza na Kutazama, wapigapicha wawili au watatu tu kwa miezi miwili, ukiwachora kwa penseli. Ukiona wazo zuri ambalo limeharibika kwa kutikisika, kulenga vibaya au kuchelewa nusu sekunde, unahitaji Kurudia, na ni afadhali iwe mahali unapoweza kufika kwa miguu. Ukiona picha safi, zenye kufanana kama matofali, hakuna mazoezi yatakayokuokoa kwa sasa, na ni wakati wa kujinyima kitu.

Mwanafunzi asiye na fedha lakini mwenye alasiri huru anaweza kuanza na Kurudia mtaani kwake na kuongeza sharti moja la Kujaribu kila mwisho wa juma. Mzazi mwenye mtoto mchanga, ambaye hatoki nyumbani kabla ya saa tatu asubuhi, ana dirisha, ana mtoto, na ana usiku; Kutazama kwa nusu saa na kumpiga mtoto kwenye nuru ya dirisha lile lile kila asubuhi ni mradi kamili. Anayepiga harusi kila Jumamosi amechoka na kamera ifikapo Jumapili, na kumwambia apige kila siku ni kumwonea. Yeye atafaidika zaidi na jaribio moja dogo ndani ya kazi yenyewe, kwa mfano dakika kumi za mapokezi akitumia lenzi ya milimita 50 peke yake, baada ya kuhakikisha picha ambazo familia inazisubiri zimeshapatikana.

Mwenye haya ya kuwaelekea watu asianze na picha za barabarani Luthuli Avenue. Aanze na mtu mmoja anayemjua, kinyozi wake au mama anayemuuzia sukuma wiki, aombe ruhusa mara moja kwa uwazi, na ampelekee picha iliyochapishwa kabla ya kuomba mara ya pili. Aliye na kamera ya zamani inayokubali filamu, na roli moja tu ndani, achukue fremu 36 hizo kama mwezi mzima wa kazi: siku ya jua kali aweke uwazi wa lenzi kuwa f/16 na kasi ya shata ikaribie namba ya ISO ya filamu (kipimo cha wepesi wake wa kupokea nuru), yaani sehemu 1 ya 100 ya sekunde kwa filamu ya ISO 100, na aandike kila fremu kwenye daftari.

Na aliye na simu yenye kioo cha lenzi kilichopasuka asisubiri fedha za kukibadilisha. Aigeuze hadi ufa uangukie upande wa taa, atoke saa moja usiku mvua ikiwa imekatika, na apige taa za matatu zinavyotawanyika kwenye maji ya barabara. Lenzi nzima haitampa picha hizo.